FSA ya malezi au nafuu ya kodi: hesabu mpya kwa mzazi anayeishi Marekani

Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba, waajiri wengi Marekani huwatumia wafanyakazi wao ukurasa wa kuchagua mafao ya mwaka unaofuata. Kuna bima ya afya, kuna bima ya meno, kuna akiba ya uzeeni, na mahali fulani katikati kuna swali: je, unataka fedha za kulipia malezi ya watoto zikatwe kwenye mshahara kabla ya kodi? Wengi wetu hulijibu kwa kufuata maneno ya watu. Mwenzako kazini amekwambia ujaze mpaka juu kwa kuwa ni hela za bure. Mwingine kanisani au msikitini amekwambia uachane nayo, utapoteza hela. Kwa miaka mingi ushauri wa kwanza uliwafaa wazazi wengi wa kipato cha kati. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 umeharibika, na familia yenye watoto wawili na mishahara ya kawaida ikiufuata inaweza kupoteza zaidi ya dola 600 kwa mwaka. Hizo ni fedha za viatu na makoti ya baridi ya watoto wote wawili, na sioni sababu ya kuiachia serikali.

Sheria inamsaidia mzazi anayefanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni FSA ya malezi ya wategemezi. Unamwambia mwajiri, kabla mwaka haujaanza, akukate kiasi fulani kila mshahara. Kiasi hicho hakitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu wala makato ya Hifadhi ya Jamii na Medicare, ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida ni asilimia 7.65. Unalipa kituo cha kulelea watoto, unapeleka risiti, unarudishiwa fedha zako. Njia ya pili ni nafuu ya malezi, inayodaiwa kwa Fomu 2441 wakati wa kujaza ritani. Hapo hukatwi kitu wakati wa mwaka. Unalipia malezi kwa fedha zilizokwisha kutozwa kodi, kisha asilimia fulani ya ulicholipa inapunguzwa moja kwa moja kwenye kodi unayodaiwa. Gharama zinazohesabiwa hazizidi dola 3,000 kwa mtoto mmoja na dola 6,000 kwa wawili au zaidi. Ukiwa na watoto watano, kikomo kinabaki 6,000.

Kote kuwili mtoto awe hajatimiza miaka 13, na kote kuwili malezi yawe ni ya kukuwezesha kufanya kazi au kutafuta kazi.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Dola moja haipati nafuu mara mbili, hilo linaeleweka. Lakini sheria inakwenda mbali zaidi: kila dola uliyopitisha kwenye FSA inapunguza pia kile kikomo cha 3,000 au 6,000. Mzazi aliyelipa kituo dola 15,000 huweza kudhani kwamba akipitisha 7,500 kwenye FSA, zile 7,500 zilizobaki zitamruhusu kudai nafuu kwa dola 6,000. Haziruhusu. Kikomo chake kimeshuka kwa 7,500, maana yake kimeisha.

Kikomo cha FSA kilikuwa dola 5,000 kwa familia tangu mwaka 1986, isipokuwa mwaka 2021 kilipopandishwa kwa muda hadi 10,500. Mzazi wa watoto wawili alikuwa akijaza 5,000, kikomo chake cha nafuu kinabaki 1,000, anadai na hiyo. Ndiyo maana ule ushauri wa kujaza kwanza, kisha udai kilichobaki, ulisambaa. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepandisha FSA hadi dola 7,500, au 3,750 kwa mwenye ndoa anayejaza ritani peke yake, kuanzia 2026. Kile cha 6,000 hakikuguswa. Anayejaza FSA yote sasa habakiwi na chochote cha kudai, awe na mtoto mmoja au sita.

Upande wa pili sheria hiyo hiyo imeinenepesha nafuu. Zamani familia yenye kipato kilichozidi dola 43,000 ilipata asilimia 20 tu. Sasa mwenye kipato kisichozidi 15,000 anaanzia asilimia 50, inashuka taratibu hadi 35, halafu inatulia hapo mpaka kipato kifike dola 75,000 kwa anayejaza peke yake na 150,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Baada ya hapo inashuka tena kidogo kidogo hadi 20. Kwa hiyo wanandoa wengi wa jamii yetu, muuguzi aliyeoana na dereva wa lori, msaidizi wa wagonjwa aliyeoana na mfanyakazi wa ghala, wako kwenye asilimia 35. Kwa watoto wawili hiyo ni dola 2,100.

Tupige hesabu. Tuseme baba na mama wako Houston, wanapata jumla ya dola 90,000 kwa mwaka, wana watoto wawili wadogo na wanalipa kituo dola 15,000. Baada ya punguzo la kawaida la 2026, ambalo kwa wanandoa ni dola 32,200, dola yao ya juu kabisa inatozwa asilimia 12. Texas haitozi kodi ya mshahara. Kila dola wanayopitisha kwenye FSA inawaokolea senti 12 za kodi na senti 7.65 za makato, yaani asilimia 19.65. Wakijaza 7,500 wanaokoa dola 1,473.75. Wakiiacha FSA na kudai nafuu, wanapata 2,100. Tofauti ni dola 626.25.

Na wakiamua kugawanya, kidogo huku na kidogo kule? Wengi hufikiri katikati ndiko salama. Wakiweka 1,500 kwenye FSA wanaokoa dola 294.75, kikomo cha nafuu kinashuka hadi 4,500, na nafuu inakuwa 1,575. Jumla ni 1,869.75, pungufu ya zile 2,100. Sababu ni kwamba kila dola inayoingia FSA inaokoa senti 19.65 huku ikiua senti 35 upande wa pili. Ni baada tu ya kuvuka 6,000, nafuu ikiwa imeshakufa yote, ndipo dola ya FSA inapoleta faida isiyopunguzwa. Kwa hiyo, ikiwa gharama zako zinatosha kufika 7,500, jibu karibu kila mara liko mwisho mmoja au mwingine: usiweke kitu, au jaza yote.

Kipimo cha haraka ni hiki. Jumlisha kiwango cha juu cha kodi yako ya serikali kuu, asilimia 7.65, na kodi ya jimbo kama ipo. Kwa familia ya watoto wawili yenye nafuu ya asilimia 35, FSA iliyojazwa yote inashinda pale tu jumla hiyo inapozidi 28, kwa kuwa 2,100 ni asilimia 28 ya 7,500. Wenye kodi ya asilimia 12 Texas, Tennessee au Washington hawafiki. Kwenye jimbo linalotoza asilimia 5 wanafika 24.65, bado hawajafika. Wenye asilimia 22 wanafika 29.65 hata bila kodi ya jimbo: FSA inawapa 2,223.75, imeizidi nafuu kwa dola 123.75. Tofauti hiyo ni ndogo, na mtu asiye na uhakika wa kutumia FSA yote mimi ningemshauri achukue nafuu. Angalia pia kama jimbo lako lina nafuu yake ya malezi. Minnesota na New York zinayo.

Kwa mtoto mmoja mambo yanageuka. Nafuu ni 35 kwa mia ya 3,000, yaani 1,050, na hiyo ni asilimia 14 tu ya 7,500. Wale wenye 19.65 wakijaza FSA wanapata 1,473.75. Mwenye mtoto mmoja anayelipa kituo dola 7,500 au zaidi, na asiye na kipato cha chini sana, kwa kawaida ajaze FSA. Ila kuna mtego: sheria imemruhusu mwajiri kufika 7,500, haikumlazimisha. Kama mpango wa kazini kwako umebaki 5,000, FSA itakupa 982.50, nafuu inaishinda kwa dola chache. Na kwa watoto wawili chini ya mpango wa 5,000, nafuu inashinda wazi kabisa. Uliza kikomo cha mpango wenu kabla ya kuchagua.

Mwanandoa mmoja akiwa mwanafunzi wa muda wote asiye na mshahara, kuna hesabu yake maalumu. Kote kuwili, gharama haziwezi kuzidi kipato cha kazi cha yule mwenye kipato kidogo zaidi. Kwa mwanafunzi wa muda wote, au mwenzi asiyeweza kujihudumia, sheria inachukulia kwamba amepata dola 250 kwa kila mwezi wa masomo ikiwa mtoto ni mmoja, na dola 500 wakiwa wawili au zaidi. Mke anayesomea uuguzi miezi yote 12 na mtoto mmoja anahesabiwa dola 3,000. Hata mume akijaza 7,500 kwenye FSA, ni 3,000 tu zitakazosamehewa kodi, nyingine zitarudishwa kwenye kipato. Familia hiyo ikiwa na kodi ya asilimia 12 ichukue nafuu. Na kama mmoja wenu yuko nyumbani tu, hasomi, hafanyi kazi wala haitafuti, na ni mzima wa afya, njia zote mbili zimefungwa.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu anadaiwa kodi ya kutosha. Wapo wengi wasiodaiwa, na hao ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu namba kubwa ya asilimia 50 au 40 iliyoandikwa kwenye sheria inaweza kuwadanganya. Nafuu ya malezi hairudishwi kama fedha taslimu. Inapunguza kodi hadi sifuri, basi.

Chukua mama anayelea peke yake watoto wawili, anapata dola 35,000, anajaza kama mkuu wa kaya. Punguzo lake la kawaida mwaka 2026 ni 24,150, kodi inayobaki ni dola 1,085. Kwenye karatasi nafuu yake ni asilimia 40 ya 6,000, yaani 2,400. Lakini mama huyu ana pia nafuu ya mtoto, ile ya dola 2,200 kwa kila mtoto mwenye namba ya Hifadhi ya Jamii na aliye chini ya miaka 17, ambayo ni kitu kingine kabisa na haihusiani na dei kea. Nafuu hiyo peke yake ingefuta ile 1,085, na yote iliyobaki ingerudishwa kwake, kwa kuwa haizidi kikomo cha dola 1,700 kwa kila mtoto. Ukizipanga zote mbili kwa utaratibu wa ritani, nafuu ya malezi inamwongezea dola 85. Themanini na tano, si 2,400.

Mama huyo huyo akiwa na FSA kazini na akalipa kituo 7,500 kwa kuipitia, picha inabadilika. Anaokoa dola 573.75 za makato. Ile 85 anaipata pia kwa upande wa nafuu ya mtoto. Na kubwa kuliko zote, kipato chake kinachohesabiwa kinashuka hadi 27,500, na nafuu ya kipato cha kazi, ile tunayoiita EITC, inapanda. Kwa wenye watoto wawili, katika eneo hilo la mshahara, EITC hupungua senti 21.06 kwa kila dola ya ziada unayopata, kwa hiyo huongezeka kiasi hicho hicho kipato kikishuka. Hiyo inamletea zaidi ya dola 1,500. Kwa jumla FSA inampa zaidi kidogo ya dola 2,200, dhidi ya 85.

Najua mtu wa dola 35,000 hana 7,500 za kulipa kituo. Wengi wao husaidiwa na jimbo, na fedha inayolipwa na jimbo haihesabiwi popote. Kinachohesabiwa ni mchango unaoutoa mwenyewe. Hata hivyo, kila dola 1,000 za mchango huo zikipita kwenye FSA humrudishia karibu dola 287 kwa makato na EITC peke yake. Mwenye mshahara mdogo zaidi, chini ya dola 18,000 hivi, asifuate mfano huu: huko chini EITC hupanda na mshahara, na kuukata kunaipunguza. Kama uko kwenye viwango hivi, usikae peke yako na simu yako usiku ukijaribu kukisia. VITA, huduma ya bure ya kujaza ritani inayosimamiwa na IRS, ina watu waliofunzwa, na wanaweza kukupigia hesabu zote mbili. Usimpe kazi hiyo mjazaji anayetaka asilimia ya fedha utakazorudishiwa.

FSA ina masharti ambayo nafuu haina. Usipotumia, umepoteza. Baadhi ya mipango hukupa miezi miwili na nusu ya ziada mwaka ukiisha, mingine haikupi. Unarudishiwa tu kiasi ambacho tayari kimekatwa kwenye mshahara wako, na kwa malezi ambayo tayari yametolewa, kwa hiyo Januari usitegemee kupata ada ya miezi mitatu. Kikomo ni cha familia, si cha kila mzazi. Mume na mke wakiweka 7,500 kila mmoja kwa waajiri tofauti, nusu itatozwa kodi. Kiasi ulichopitisha kitaandikwa kwenye kisanduku cha 10 cha W-2, na lazima ujaze sehemu ya tatu ya Fomu 2441 hata kama hudai nafuu yoyote, la sivyo fedha hiyo inahesabiwa kuwa mshahara unaotozwa kodi. Kwa upande mwingine, FSA inakupa faida yako polepole kila mshahara, wakati nafuu unaisubiri hadi masika ya mwaka unaofuata. Kwa familia inayohangaika na kodi ya nyumba kila mwezi, huko kusubiri kuna uzito wake.

Wanaofanya shifti ya usiku kwenye nyumba za wazee na maghala huniuliza kama wanaweza kudai malezi ya mchana, wakati wao wamelala. Kanuni zinaruhusu. Anayelipwa kumwangalia mtoto ili mtu aliyekesha kazini apate usingizi anahesabiwa kuwa anakuwezesha kufanya kazi. Kambi ya mchana wakati wa likizo ya majira ya joto inahesabiwa, kambi ya kulala haihesabiwi. Chekechea ya kabla ya shule inahesabiwa. Ada ya shule kuanzia darasa la awali la miaka mitano kwenda juu haihesabiwi, ila malezi ya baada ya masomo yanahesabiwa.

Suala la bibi ni zito kwetu. Bibi wa mtoto anaweza kulipwa na malipo hayo yakadaiwa, mradi si mtu unayeweza kumwandika kama mtegemezi wako kwenye ritani, naye ayatangaze kama kipato chake. Mama aliyekuja kwa viza ya matembezi hana ruhusa ya kufanya kazi ya malipo, na kuandika kwenye Fomu 2441 kwamba ulimlipa ni kumweka pabaya mbele ya uhamiaji. Usifanye hivyo kwa ajili ya dola elfu mbili. Binti yako wa miaka 17 hawezi kuwa mlezi anayelipwa katika hesabu hizi, kwani mtoto wako aliye chini ya miaka 19 hakubaliwi. Na jirani anayelea watoto nyumbani kwake kwa fedha taslimu atahitaji kukupa jina, anwani na namba yake ya kodi. Mpe Fomu W-10 mwanzoni, mnapokubaliana ada, si Machi wakati wa ritani.

Malezi ya mtoto uliyemwacha Nakuru au Bukavu hayahesabiwi popote, hata kama unatuma dola 400 kila mwezi. Wala ya mzazi wako aliyeko Tanga. Mtegemezi lazima aishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Ila mzazi mnayeishi naye hapa, asiyeweza kujihudumia, na wewe ndiye unayegharamia zaidi ya nusu ya maisha yake, gharama ya kituo cha mchana cha wazee huweza kudaiwa kama ya mtoto. Ni wachache sana wanaolijua hili, na wengi wanalipa.

Kama ulichagua FSA na mwaka umeshaanza, hujafungwa moja kwa moja. Mtoto kuzaliwa, ndoa kufungwa au kuvunjika, mwenzi kupata au kupoteza kazi, mtoto kutimiza miaka 13, kituo kubadilika au ada kupanda, mipango mingi hukuruhusu kubadilisha kiasi ndani ya siku 30. Mtoto wa pili akizaliwa Aprili, kikomo chako cha nafuu kinatoka 3,000 hadi 6,000, na pengine FSA uliyoijaza kwa ajili ya yule wa kwanza haina faida tena. Iandikie idara ya utumishi wiki hiyo hiyo, ambatanisha cheti cha kuzaliwa au barua ya kituo yenye ada mpya na tarehe inapoanza, na uwaombe wakuthibitishie kwa maandishi ni kiasi gani kimeshakatwa hadi siku hiyo. Kiasi hicho ndicho utakachokitoa kwenye 6,000 utakapopiga hesabu ya nafuu.